Lau Pweto Isingalianguka: Uhakiki wa Historia Mbadala ya Vita

1. Utangulizi

Msomaji wa historia ya Kongo hawezi kuufikia mwezi wa Desemba 2000 bila kujiuliza swali moja: lau Pweto isingalianguka, vita vingaliishaje? Makala haya hayakusudii kulijibu swali hilo kwa niaba ya majenerali. Yanakusudia kulihakiki swali lenyewe kama kitendo cha usimulizi, yaani kuchunguza linatutaka tubadili nini, linaacha nini kama kilivyo, na ni nani anayesahaulika linapoulizwa.

Kwa historia mbadala tunamaanisha masimulizi ambayo mtunzi wake hulichukua tukio lililokwisha kutokea, akaligeuza mwisho, kisha akayafuata matokeo ya mgeuzo huo. Aghalabu tukio linalochaguliwa ni pigano. Winston Churchill, kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza, aliandika insha ya namna hiyo kuhusu pigano la Gettysburg la mwaka 1863. Sababu ya mapigano kupendwa haifichiki: pigano lina siku yake, lina mahali pake, na lina mshindi. Tunachelea kwamba wepesi huo ndio unaompoteza mtunzi.

2. Urithi wa fasihi ya Kiswahili

Haifai kudhani kwamba utanzu huu ni mgeni kabisa kwetu. Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Mwengo bin Athumani wa Pate na wenye tarehe ya mwaka 1728, unasimulia katika beti zaidi ya elfu moja vita vikali kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Wanahistoria wanatuambia kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi bila kupambana na jeshi hilo. Pigano lililotokea kweli ni lile la Muta, mwaka uliotangulia, ambapo Jaafar bin Abi Talib aliuawa. Mtunzi wa Pate, basi, aliipokea hadithi iliyolipa katika shairi deni ambalo historia haikulilipa. Hatumlaumu kwa hilo. Utendi wake ni wa imani na ushujaa, na hadhira yake haikuja kutafuta sababu za kushindwa.

Ebrahim Hussein alipita njia nyingine katika tamthilia yake Kinjeketile (1969). Vita vya Maji Maji (1905–1907) havigeuzwi mwisho: maji hayazuii risasi na wapiganaji wanashindwa. Kinachobuniwa ni nafsi ya kiongozi na mgogoro wake na neno alilolitamka, neno ambalo baadaye lilimshinda nguvu. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake si nakala ya Kinjikitile wa historia. Kwa hiyo Tambuka inabadili tukio na kuiacha imani ilivyo, ilhali Kinjeketile inaliacha tukio lilivyo na kuibadili maana yake.

Mtunzi anayetaka kuandika juu ya Pweto ana mifano hiyo miwili mbele yake. Swali ni kama mmojawapo unamtosha.

3. Pweto katika matukio

Mji wa Pweto, ambao sasa umo katika mkoa wa Haut-Katanga, uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, pale Mto Luvua unapotoka ziwani. Zambia iko karibu. Katika vita vilivyoanza Agosti 1998, mji huo ulikuwa ngome ya mbele ya serikali ya Laurent-Désiré Kabila, na mbele yake hapakuwa mbali na majeshi ya Rwanda na waasi wa RCD.

Mkataba wa kusimamisha vita ulikuwa umetiwa saini na mataifa husika mjini Lusaka mnamo Julai 1999. Hata hivyo, Oktoba 2000 majeshi ya serikali, pamoja na washirika wao wakiwamo wapiganaji wa Kihutu wa Burundi, yalishambulia kuelekea kaskazini na kuiteka Pepa. Wanyarwanda na RCD walijibu shambulio, wakaichukua tena Pepa, wakasonga hadi Pweto, na mwanzoni mwa Desemba mji ukaanguka. Maelfu ya askari na raia walivuka mpaka kuingia Zambia. Magari na silaha nzito viliachwa nyuma. Joseph Kabila, mwana wa rais na mkuu wa majeshi ya nchi kavu, alikuwa katika medani hiyo na ilimbidi aiache.

Tarehe 16 Januari 2001 Rais Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake mjini Kinshasa. Siku kumi baadaye Joseph aliapishwa. Mazungumzo yaliyokuwa yamekwama yakafunguliwa: mkataba na Rwanda ulitiwa saini Pretoria tarehe 30 Julai 2002, na ule wa Wakongo wote Desemba mwaka huohuo.

4. Kosa la bawaba moja

Ukiyasoma matukio haya kwa mfululizo, unashawishika kuyatundika yote kwenye bawaba moja. Pweto ingalishikiliwa, Mzee asingaliuawa. Asingaliuawa, mwana asingalitawala. Asingalitawala, amani ya Pretoria isingalikuja. Mnyororo huo unapendeza kwa kuwa kila pete inaishika nyingine. Lakini tuijaribu pete ya kwanza.

Uadui uliomzunguka rais haukuzaliwa Pweto. Kamanda Anselme Masasu Nindaga, mmoja wa waanzilishi wa AFDL, ambaye vijana wengi wa Kivu, wale waliojulikana kama kadogo, walimwona kuwa wao, alikamatwa, na anaripotiwa kuuawa kabla mwezi wa Novemba haujaisha, yaani kabla mji haujaanguka. Manung'uniko ya vijana hao yangalikuwapo hata kama bendera ya serikali ingaliendelea kupepea Pweto. Mtunzi anayegeuza pigano peke yake anauondoa moto mmoja na kuuacha mwingine ukiwaka katika chumba kilekile, kisha anatuambia nyumba imesalimika.

Kwa upande mwingine, kushindwa kwenyewe kulikuwa na zaidi ya sura moja. Lau Joseph Kabila angalitekwa katika medani ile, mji ungalianguka vilevile, lakini suala la urithi wa madaraka lingalikuwa jingine kabisa Januari ilipofika. Hapa matokeo ya pigano hayakubadilika hata kidogo, na hata hivyo historia imebadilika. Hii ni dalili kwamba mshindi wa pigano si lazima awe ndiye bawaba.

5. Ni nani aliyesahaulika?

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yetu, inahusu wahusika. Masimulizi ya lau huwajaza wakuu wa majeshi na marais, na kuwafanya wakazi wa mji kuwa pambo la mandhari. Mvuvi wa Mweru na mama aliyevuka na watoto hawakukimbia kwa sababu upande fulani ulishinda. Walikimbia kwa sababu pigano lilipiganwa mlangoni pao. Mtunzi akiwapa majeshi ya serikali ushindi, bado mizinga italia na mitumbwi itajaa. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Nyasi haziulizi ni fahali yupi aliyeshinda.

Kutokana na hoja hii, tunapendekeza kwamba lau ya Pweto isiwekwe Desemba hata kidogo. Mahali pake ni Oktoba. Lau amri ya kushambulia isingalitolewa, na mkataba wa Lusaka ungaliheshimiwa na pande zote zilizoutia saini, huenda mji ungalibaki na watu wake. Lau hii haina shujaa wala mkwaju wa parapanda. Inamtaka mtunzi aingie chumbani mwa watu wanaoamua, aoneshe walichokijua siku ile na njia walizokuwa nazo. Ugumu huo ndio unaoifanya istahili kuandikwa. Tambuka haiwezi kumwongoza huko, maana deni la Pweto halilipwi kwa ushindi. Kinjeketile inamkaribisha zaidi, kwa kuwa inauliza neno la kiongozi linawafanyia nini wanaoliamini.

6. Hitimisho

Wanasarufi wengi hutufundisha kutofautisha -nge- na -ngali-, ijapokuwa wasemaji wengi huvichanganya: cha kwanza hutumika kwa jambo ambalo bado huenda likawa, cha pili kwa jambo lililokwisha kupita. Historia mbadala huandikwa yote kwa -ngali-, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba ningalijua huja nyuma. Iwapo kazi hiyo itaishia katika kumpa mshindwa faraja ya ushindi wa karatasini, onyo hilo litaihusu.

Lakini iwapo itatuonesha kwamba amri ya Oktoba ilitolewa na watu waliokuwa na hiari ya kutoitoa, basi -ngali- yake itakuwa imemfundisha msomaji -nge-. Mashariki ya Kongo haijatulia tangu wakati huo, na mikataba mingine imetiwa saini na kuvunjwa. Wanafunzi wetu wa Lubumbashi na kwingineko wanaotaka kuandika juu ya vita hivyo wasianze na ramani ya medani. Waanze na waliovuka ziwa, wawaulize ni siku gani waliyotambua kwamba watalazimika kuondoka. Tunadhani siku hiyo ilitangulia kuanguka kwa mji.