Shamba la Shule na Soko la Ulimwengu

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanzania wakati ule, alitoa kijitabu kiitwacho Elimu ya Kujitegemea. Jina lake lajulikana na kila mwalimu, walakini wengi hulitaja bila kuyasoma yaliyomo. Twataka leo kukitazama kijitabu hiki kwa haki, tuseme kilicho chema ndani yake, kisha tuonyeshe mahali kilipokoma njiani. Maana jambo lililokisumbua lingali latusumbua: mtoto aketi darasani miaka saba, naye akitoka hawezi kuyaunganisha aliyoyasoma na mambo yanayotawala maisha ya nyumbani kwao.

Tuanze na sifa zake, nazo si chache. Mwandishi alikuwa mwalimu kwa kazi, alifundisha Tabora na Pugu kabla ya kuingia katika siasa, na kila ukurasa waonyesha kwamba alilijua darasa. Alisema kwamba elimu tuliyoirithi iliwatenga watoto na wazazi wao, na kuwafanya wadhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni, hata mzee mwenye hekima ya mvua na udongo akaonekana mjinga kwa sababu hajui kusoma. Akataka kila shule iwe na shamba au karakana. Tena alitaka shamba hilo liwe somo. Hesabu za mapato na matumizi ya shamba ziingie katika somo la hesabu. Habari za mbolea zifundishwe katika sayansi na kuonekana shambani. Wanafunzi wenyewe washauriane juu ya mpango wa kazi, na waone matunda ya mashauri yao, mema au mabaya. Mwalimu akisoma maneno hayo leo hatakosa kusema, “Huyu alijua kazi yetu.”

Yaliyotendwa baadaye yalikuwa mbali na maneno hayo. Katika shule nyingi jembe lilichukuliwa na daftari likaachwa. Watoto walilima, walipalilia, walibeba maji na kuni, lakini aliyewauliza ni kilo ngapi zilizovunwa, au kwa nini mistari ya mashariki imestawi kuliko ya magharibi, alikuwa nadra. Pengine shamba likawa adhabu ya mtoto aliyechelewa. Na jambo lililofanywa kuwa adhabu, mtoto hujifunza kulichukia. Basi makosa hayo si ya kijitabu; ni ya sisi walimu na wakubwa wetu, tuliotii nusu ya agizo. Mtu akikilaumu kijitabu kwa ajili ya hayo, amwonea mwandishi.

Lakini liko pungufu jingine, nalo ni la kijitabu chenyewe. Mwandishi ataja mambo matatu ambayo elimu yapaswa kuyajenga ndani ya kila mtu: akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa yale wanayoyafanya watu wengine, na kuyakataa au kuyageuza yamfae, na moyo wa kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Maneno mazuri! Akili ya kuuliza na kujiamini amezipatia mahali pa kukulia, ndilo shamba la shule na baraza la wanafunzi. Lakini uwezo wa kujifunza kwa watu wengine umetajwa, kisha haukupewa mpango wa kutosha. Mtoto ameonyeshwa njia itokayo darasani hata shambani. Njia itokayo shambani kwenda ulimwenguni haikukatwa. Shamba laelezwa karibu kama kwamba mpaka wake ni mpaka wa kijiji, na wa mbali sana ni mpaka wa nchi.

Hilo si jambo dogo, nasi tutaonyesha kwa mfano mmoja. Julai 1975 jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, ilishuka usiku juu ya mashamba ya kahawa ya jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil. Miti mamia ya mamilioni ilikufa au kuharibika. Brazil ndiyo nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote duniani, na mti wa kahawa ukipandwa upya hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema. Kwa hiyo kahawa ikaadimika. Huko New York bei ya ratili moja, iliyokuwa chini ya dola 1 kabla ya jalidi ile, ilipita dola 3 mwaka 1977. Mkulima wa Kilimanjaro hakuongeza hata kikapu kimoja cha samadi, wala mvua yake haikubadilika, lakini kahawa yake ikawa na thamani asiyoiota.

Sasa tutazame upande wa pili. Tangu mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilikuwa na mkataba, na kwa mkataba huo kila nchi yenye kuuza iliwekewa kiasi chake ili bei isianguke. Julai 1989 mashauri ya kuendeleza viasi hivyo yalishindikana, kahawa ikamiminika sokoni, na bei ikashuka sana. Mkulima yule yule, kwa jembe lile lile, alipata fedha kidogo. Wengine wakaacha kuipogoa miti yao na kuipiga dawa. Wengine wakageukia migomba na mboga. Wangapi waliowahi kusoma shule walijua sababu? Wengi walisema ni karani wa chama aliyewaibia, au ni Serikali peke yake. Karani mwizi pengine yupo, na makato ya Serikali yapo. Lakini asiyejua sababu ya mbali hawezi kuipima sababu ya karibu. Atamlaumu asiye na hatia, na mwenye hatia atapita katikati yao akicheka.

Hapo ndipo tuonapo hasara ya somo lisilovuka mpaka wa kijiji. Jirafia yetu mara nyingi ni orodha. Mtoto aulizwa, “Mji mkuu wa Brazil ni upi?” Ajibu vema kwamba ni Brasília, naye apewa alama. Lakini hajaambiwa kwamba katika nchi hiyo yuko mkulima kama baba yake, apandaye mti kama wa baba yake, na kwamba baridi ya usiku mmoja kule yaweza kumlipia yeye ada ya shule. Orodha ile yasahauliwa kabla ya mavuno; habari hii haisahauliki.

Ndugu walimu, kazi hii haihitaji vifaa vya gharama. Chukueni punje moja ya kahawa, au kitu kingine kitokacho kijijini, mkakifuate kinakokwenda na kinakotoka. Katika jirafia waulizeni watoto: kwetu Julai ni kipupwe, nasi twajifunika nguo nzito, je, mahali palipo mbali zaidi na Ikweta upande wa kusini, kipupwe hicho huwaje? Nao wataitafuta Paraná ramani wakijua wanatafuta nini. Katika hesabu watoe bei ya sokoni, watoe gharama ya kukoboa, ya gari, ya meli, ushuru na makato ya chama, waone limebaki fungu gani kwa mwenye shamba. Kisha waulize kwa nini bei ikipanda mara tatu ng'ambo haipandi mara tatu mlangoni pake. Katika historia wajifunze kwamba mti huu, ambao babu zao wauona kama mali ya ukoo, asili yake ni Uhabeshi, na kwamba uliletwa Kilimanjaro na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19.

Nanyi mlioko Tanga mnao mkonge. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo ikazaliwa kazi ya mashamba makubwa, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuwa ya kwanza duniani. Kisha zikatokea kamba za nyuzi zitengenezwazo viwandani kwa mafuta ya petroli, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Mtoto wa Tanga aliyeyasoma hayo ataelewa kwa nini babu yake alikuwa na kazi na mjomba wake hakuipata. Hatadhani tena kwamba mjomba ni mvivu.

Labda mwalimu mmoja atatujibu, “Mtihani hauulizi hayo.” Ni kweli mara nyingi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alilalamika kwamba mtihani umefanywa kuwa bwana wa shule. Walakini mtoto aliyepiga hesabu ya kahawa ya baba yake hakosi kujua sehemu na asilimia. Na aliyeitafuta Paraná ramani hakosi kujua mistari ya ramani. Mwingine atasema, “Wasipokijua kijiji chao vema, watajuaje ulimwengu?” Twakubali kabisa, na ndiyo maana twasema njia ianzie shambani. Mwalimu aanzaye na habari za mbali na kukaa huko huko hufundisha hadithi. Aanze na gunia lililo mlangoni, aende nalo mpaka ng'ambo, kisha arudi nalo nyumbani. Maana asiporudi, safari yake haikumfaa mtoto.

Tena kuna jambo moja lipitalo faida ya hesabu. Mwaka ule bei ilipopanda, wengi walifurahi, wakajenga nyumba za bati, wala hatuwalaumu. Lakini furaha ile ilikuwa msiba wa watu wengine, ambao asubuhi moja waliamka wakaona miti yao imekuwa myeusi kana kwamba imeunguzwa na moto. Mtoto afundishwe yote mawili. Akifundishwa bei tu, atajifunza kungojea ajali ya mwenzake kama fisi angojeaye mkono udondoke. Akimjua mkulima yule kuwa jirani, ataweza siku moja kuuliza swali lililo bora: je, sisi tulimao kitu kimoja katika nchi mbalimbali, twaweza kupatana ili asiangamie mmoja kwa kushiba kwa mwingine? Mkataba wa mwaka 1962 ulikuwa jaribio la kulijibu swali hilo. Ulivunjika, swali halikuvunjika.

Hukumu yetu basi juu ya Elimu ya Kujitegemea ni hii. Ni kijitabu cha kusomwa tena na kila mwalimu, hasa zile kurasa zisemazo jinsi shamba liwezavyo kuwa somo, kwa kuwa ndizo tulizozidharau. Lakini neno kujitegemea lisieleweke kama kujifungia. Mtu hawezi kujitegemea katika soko asilolijua. Wanafunzi wa shule walime, wahesabu walichovuna, na siku ya kuuza mwalimu aitundike ramani ukutani.