Bodi ilipaswa kuiacha saa 1:15 usiku ifike

Mechi namba 184 ya Ligi Kuu msimu wa 2024/25 ilikuwa na kila kinachotakiwa ili ichezwe. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulikuwepo, waamuzi walikuwa wamepangwa, mashabiki walishakata tiketi na Yanga walipeleka timu. Kilichokosekana Jumamosi ile ya Machi 8, 2025 ni Bodi ya Ligi yenye ujasiri wa kusimamia kanuni zake yenyewe. Saa chache kabla ya mpira kuanza, Bodi iliahirisha Dabi ya Kariakoo kati ya Yanga na Simba, na mpaka leo sijasikia hoja ya kiufundi inayoweza kuutetea uamuzi ule. Ulikuwa uamuzi mbovu, na ubovu wake unaonekana vizuri zaidi ukiutazama kutoka huku Tabora kuliko ukiutazama kutoka Dar es Salaam.

Tukio lenyewe mnalikumbuka. Usiku wa Machi 7 Simba walifika Mkapa kwa mazoezi ya mwisho, wakazuiwa kuingia. Usiku huohuo wakatoa taarifa kwamba hawatacheza, wakishikilia Kanuni ya 17(45) inayoipa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi siku moja kabla, kwa muda ule ule wa mchezo. Yanga wakajibu kwamba mechi iko palepale. Kesho yake Bodi ikasema mechi haipo, kwa maelezo kwamba inahitaji muda wa kuchunguza kilichotokea getini.

Kwenye suala la mazoezi Simba walikuwa na haki, na nalisema hilo bila kupepesa macho. Mazoezi ya usiku wa mwisho si maonyesho. Kikosi hakikimbizwi. Kocha wa makipa anamsimamisha kipa golini na kumpigia mipira ya juu kutoka pembeni, mmoja baada ya mwingine, ili macho yazoee mpira unapokatiza kwenye mwanga wa taa. Wapiga kona na faulo wanahesabu hatua zao. Mabeki wanapigiana pasi ndefu za chini kuona nyasi zinaupeleka mpira kwa kasi gani, na kila mchezaji anaamua njumu za kuvaa. Saa moja inatosha kwa yote hayo. Mwenyeji anayemfungia mgeni geti anampokonya saa hiyo, na anastahili kuadhibiwa.

Lakini mchambuzi lazima apime uzito wa hasara. Simba si wageni Mkapa. Msimu huohuo ligi walikuwa wakichezea KMC Complex, ila mechi zao za nyumbani za Kombe la Shirikisho Afrika walizipeleka Mkapa. Kipa wao aliujua uwanja ule na mabeki wao walizijua nyasi zile. Kocha wao, Fadlu Davids, angeingia na kikosi kilichopungukiwa saa moja ya mazoezi kwenye uwanja ambao wachezaji wake wanaufahamu. Hiyo ni dhuluma, na dawa yake ni ripoti ya kamishna wa mechi, faini kwa mwenyeji na adhabu kwa waliofunga geti. Kugoma kucheza ni hatua kubwa mno kwa kosa la ukubwa huo, na timu inayoamua kugoma iwe tayari kulipa bei ya mgomo.

Bei hiyo kanuni zimeshaiweka. Timu isiyofika uwanjani inapoteza mechi, mpinzani anapata pointi 3 na mabao 3, na juu yake kuna adhabu nyingine. Kwa hiyo kazi ya Bodi Machi 8 ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoonekana. Asubuhi ingetoa tamko la mistari miwili: mechi iko palepale, na tukio la getini litashughulikiwa kwa ripoti. Saa 1:15 usiku mwamuzi angeingia na timu iliyopo, wangesubiri muda uliowekwa, kisha angepuliza filimbi na kuandika ripoti. Kama Simba wangebadili mawazo mchana ule, tungepata dabi. Kama wangeshikilia msimamo, tungepata uamuzi wa kikanuni ambao wangekuwa na haki ya kuukatia rufaa. Njia zote mbili zilikuwa safi.

Bodi ikachagua njia ya tatu, ambayo iliwaondolea wote hesabu zao. Simba waliogoma hawakulipa bei ya mgomo, kwa sababu hakukuwa tena na mechi ya kugomea. Tukio la getini likahamia kwenye uchunguzi. Yanga waliofika uwanjani wakaondoka bila mechi na bila pointi, kisha wakahangaika mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambako walirudishwa waanze na vyombo vya ndani. Na sababu ya uchunguzi haisimami. Uchunguzi wa tukio la Ijumaa hauzuii mpira wa Jumamosi. Kamati ya saa 72 ipo kwa ajili hiyo hasa: mechi zinachezwa, ripoti zinafika, kamati inakaa na kuamua. Wiki zote za msimu inafanya hivyo kwa mechi za Kagera, Mbeya na Tabora. Kwa nini isifanye hivyo kwa Mkapa?

Hapo ndipo sisi wa Tabora tunapokuwa na la kusema, na sitachoka kulirudia. Agosti 16, 2023 Tabora United walicheza mechi yao ya kwanza ya Ligi Kuu, ugenini dhidi ya Azam pale Chamazi. Usajili wa wachezaji wao wengi ulikuwa haujakamilika. Waliingia uwanjani wakiwa wanane. Mnakumbuka aibu ile: mabao manne mapema, wachezaji wawili wakashindwa kuendelea, wakabaki sita, na mwamuzi akamaliza mchezo kipindi cha kwanza hakijaisha. Azam wakachukua pointi zao. Kosa lilikuwa la klabu, na kanuni ilifuatwa inavyopaswa. Hakuna aliyesema mechi isogezwe ili uchunguzi ufanyike. Hakuna aliyesema mashabiki wa Gongoni, Cheyo na Isevya, waliosubiri tangu Rhino Rangers washuke mwaka 2014 kuuona tena mji wao Ligi Kuu, waonewe huruma.

Nilikubaliana na uamuzi ule wa 2023 na nakubaliana nao leo. Timu iliyofika na watu wanane ilicheza na wanane, na ikabeba matokeo yake. Sasa iweje timu yenye kikosi kizima, mabasi, madaktari na makocha wa kila idara isogezewe mechi kwa sababu imesema haitacheza? Kanuni iliyokuwa kali kwa Tabora ikawa laini kwa Kariakoo. Huo ndio ugonjwa wa ligi hii, na nimeuandika mara nyingi kiasi kwamba wapo wanaoniona nina kinyongo. Kinyongo ninacho, na kina tarehe zake.

Shabiki wa mkoani naye hakuwekwa kwenye hesabu yoyote siku ile. Kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 800. Anayekwenda kuona dabi anaondoka mapema, analala kwa ndugu, anarudi amechoka. Anayebaki anaingia kibanda umiza. Machi 8 ilikuwa ndani ya Ramadhani, na huku magharibi jua linachelewa kuzama kuliko pwani, hivyo mtu wa Gongoni alitakiwa afuturu upesi na kukimbilia benchi kabla ya saa 1:15. Watu wa aina hiyo ndio wanaoipa ligi thamani. Mwaka 2021 Azam Media waliingia mkataba wa miaka 10 wa Sh bilioni 225.6 kwa haki za matangazo. Kinachouzwa kwenye mkataba wa namna hiyo ni ratiba inayoaminika.

Madhara ya kiufundi yalikuja Juni. Dabi ilipangwa Juni 15, ikasogezwa tena mpaka Juni 25. Raundi ya mwisho ya ligi ilichezwa Juni 22, timu zote zikamaliza, kisha bingwa akaamuliwa siku tatu baadaye kwa kiporo cha Machi. Ligi inayojiheshimu inacheza raundi ya mwisho siku moja na saa moja, ili asiwepo anayeingia uwanjani akijua anahitaji nini hasa. Sisi tuliingia Juni 25 Yanga wakiwa na pointi 79 na Simba 78, kila kocha akijua sare inampa nani kombe. Kocha wa Yanga, Miloud Hamdi, alijua anaweza kusubiri, na Davids alijua lazima afunguke. Mechi ya Machi isingekuwa na hesabu hiyo. Uamuzi wa mezani ulibadilisha mbinu za uwanjani, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko hata kelele zote za usiku ule wa geti.

Mchezo wenyewe Yanga waliushinda kihalali, 2-0, kwa penalti ya Pacome Zouzoua dakika ya 66 na bao la Clement Mzize dakika ya 86.

Wanaosema dabi ina mazingira yake ya pekee wasome historia. Machi 1969 Sunderland, ambao ndio Simba wa leo, waligoma kuingiza timu dhidi ya Yanga. Chama cha soka cha wakati ule hakikuwa na mkataba wa televisheni wala kitengo cha habari. Kiliwapa Yanga ushindi wa chee, ligi ikaendelea, na klabu zote mbili zipo hai mpaka leo. Viongozi wale walielewa kwamba chombo cha kusimamia ligi kinaheshimiwa kwa kutekeleza kilichoandikwa.

Na wachezaji wa enzi hizo walikuwa na kifua cha kubeba matokeo. Juni 1, 1968 Sunderland walifungwa 5-0 na Yanga. Julai 19, 1977 mambo yakageuka: Abdallah Kibadeni akafunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, jingine Yanga wakajifunga, ikawa 6-0. Waliofungwa walibaki uwanjani mpaka filimbi ya mwisho mara zote mbili. Agosti 10, 1974, pale Nyamagana, Mwanza, Simba waliongoza kwa bao la Adam Sabu tangu dakika ya 16. Gibson Sembuli akasawazisha dakika ya 87, na Sunday Manara akamaliza kazi dakika ya 97. Ubingwa uliokuwa ukigombewa siku ile ulipatikana kwa miguu, kwenye uwanja usio wa nyumbani kwa yeyote. Kizazi hiki kina viatu bora, nyasi bora na mishahara bora, lakini kimezoea kutafuta matokeo kwenye barua.

Tabia hiyo iliachwa ikue. Mei 8, 2021 muda wa dabi ulisogezwa siku ileile ya mchezo kutoka saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku. Yanga wakafika saa 11 na kuondoka, Simba wakafika saa 1, na mechi ikaja kuchezwa Julai 3, Yanga wakishinda kwa bao la Zawadi Mauya. Lile lilikuwa onyo. Kama mwaka ule ungeandikwa mpaka wa wazi kuhusu nani anaweza kugusa mechi siku ya mchezo, na kwa sababu zipi, Machi 2025 isingetokea. Badala yake tukaendelea na viporo, ratiba za kurukaruka, na timu za mikoani kukaa wiki nzima bila mechi kwa sababu vigogo wana safari.

Mkoani mpira unachezwa pia, na ligi hii ilikuwa tamu zaidi ilipoliheshimu hilo. Tukuyu Stars walichukua ubingwa mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Novemba 7, 2024 Tabora United hawahawa waliwafunga Yanga 3-1 palepale Chamazi walikodhalilika mwaka mmoja nyuma, na wiki iliyofuata kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, akapoteza kazi. Kazi nzuri, ilifanyika uwanjani, haikuhitaji barua.

Ninachotaka kinaandikika kwa aya moja. Siku ya mechi, sababu za kuahirisha ziwe tatu tu: hali ya hewa iliyoharibu uwanja, usalama wa watu kwa tamko la Jeshi la Polisi, na msiba wa kitaifa. Klabu kusema haitacheza isiwe sababu kamwe. Mwenyeji anayemzuia mgeni kufanya mazoezi apigwe faini nzito na, akirudia, acheze mechi inayofuata bila mashabiki. Na raundi ya mwisho isianze kabla viporo vyote havijaisha.

Klabu ya mji wetu leo inaitwa TRA United, na ina nafasi yake kwenye vikao vya klabu za Ligi Kuu kama Simba na Yanga. Iliwahi kuadhibiwa kwa kanuni hizi bila huruma, kwa hiyo ina haki kuliko wengine ya kudai zitumike kwa wote. Viongozi wake wapeleke pendekezo hili kanuni zitakapofanyiwa marekebisho kabla ya msimu mpya, na mashabiki wa Gongoni tuwaulize kwa majina nani alilipinga.