Nani Anakoka Moto? Mpishi na Msimulizi katika Vitabu vya Safari za Kusini mwa Afrika

Neno "safari" ni letu. Waingereza walilichukua kutoka Kiswahili karne ya 19, na kwao likaishia kuwa na maana nyembamba: mtu mwenye fedha kwenda porini kutazama au kuwinda wanyama, huku wengine wakimbebea mizigo, wakimwonyesha njia na kumpikia. Sisi tunamtakia safari njema mtu yeyote, hata mwanafunzi anayepanda basi kwenda kwao Mbeya. Katika makala hii nataka kuangalia jinsi maana hiyo nyembamba inavyojengwa kifani katika vitabu viwili vya kusini mwa Afrika, kisha nitazame insha moja inayoipinga. Kipimo changu ni moto wa kambi. Nani anaukoka? Nani anapika? Nani anasimulia?

Kitabu cha kwanza ni Jock of the Bushveld cha Percy FitzPatrick (1907). Mtunzi anakumbuka miaka ya 1880, alipokuwa akisafirisha mizigo kwa magari ya ng'ombe huko Transvaal. Shujaa wake ni mbwa. Jamani, tusicheke! Mbwa huyo amesawiriwa kikamilifu kuliko binadamu wengi wa kitabu hicho: anazaliwa dhaifu kuliko ndugu zake, anajifunza kuwinda, anakuwa kiziwi, anakufa, na msomaji anasikitika. Mwenzangu atauliza, je, Jim Makokel, yule Mzulu mwendesha gari la ng'ombe? Si mhusika hai? Ni hai kweli, ana nguvu, anakunywa, anagombana. Lakini uhai wake wote tunaupata kwa jicho la bwana wake. Jioni ikifika, wazungu wanazunguka moto na kusimuliana habari za uwindaji, na hadithi zinakuwa zao. Matoleo ya baadaye yaliondoa maneno ya kibaguzi. Sawa, lakini kufuta tusi si kumpa mtu kiti pale motoni. Muundo wa usimulizi umebaki vilevile.

Kitabu cha pili ni First Catch Your Eland cha Laurens van der Post (1977). Huyu ni mwerevu zaidi. Anasafiri kwa ulimi kutoka Ethiopia hadi Rasi, na anakichukulia chakula cha Afrika kuwa jambo zito, tofauti na wengi waliomtangulia. Hilo tumpongeze. Lakini hebu tuangalie jina la kitabu: kwanza umkamate pofu wako. Ni mzaha wa wapishi wa Kiingereza, ila mzaha nao una tabaka lake. Anaamrishwa nani? Anayemkamata pofu, anayemchuna na kumkatakata huwa si yule anayeonja. Msimulizi hapa ni mwonjaji. Wasifu wake ulioandikwa na J.D.F. Jones (2001) ulionyesha kwamba mtunzi huyu alitia chumvi nyingi katika habari za maisha yake mwenyewe. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza chumvi ya chakula ilitiwa na nani.

Kuna hoja ya kunipinga: kumbukumbu ni za mwenye kukumbuka, haziwezi kuingia moyoni mwa mpishi. Nakubali. Lakini mimi siombi moyo, naomba mikono. Kupika porini ni ujuzi. Chungu cha chuma cha miguu mitatu kinapangwa nyama na vitunguu chini, mboga ngumu juu yake, na hakikorogwi. Makaa yanaongezwa au kupunguzwa kwa saa kadhaa. Seswaa ya Botswana ni nyama inayochemshwa kwa maji na chumvi mpaka ilegee, kisha inatwangwa kwa mti. Mpishi anajua mti gani unatoa makaa ya kudumu usiku kucha. Msimulizi anayeweza kueleza kurasa nzima nyayo za swala angeweza kueleza na hayo. Akiyaacha, ameamua kuyaacha.

Insha ninayoitaja ni "Game Lodges and Leisure Colonialists" ya Njabulo Ndebele (1998), iliyotoka miaka 4 baada ya uchaguzi uliomaliza utawala wa kaburu. Safari hii mgeni wa hoteli ya porini ni mtu mweusi. Anahudumiwa na weusi wenzake na hatulii. Anajiuliza amekaa upande gani wa historia. Hapa ndipo insha inapovipita vitabu vile viwili: inaonyesha kwamba rangi ya mgeni inaweza kubadilika na kazi isibadilike. Hata hivyo nisimwonee haya Ndebele. Naye anaandika akiwa kwenye kiti cha mgeni. Wasiwasi tunaousikia ni wa anayekula. Wa anayepakua bado hatuusikii.

Kwa maoni yangu, basi, kuhesabu matusi ya kibaguzi katika vitabu hivi hakutoshi, ingawa ndiyo njia rahisi ya kujibu swali la mtihani. Tuhesabu pia vitenzi: nani amepewa "kuona" na "kukumbuka", na nani ameachiwa "kuleta" na "kuondoa". Kisha tuwaendee waongozaji na wapishi wenyewe, wa huko na wa kwetu, tuandike wanavyosimulia wageni wakishalala. Neno tuliliazimisha wenyewe, na tuna haki ya kulidai lirudi na maana yake pana.