Mkwaju mdogo hulelewa mkubwa kwanza

Pakiti za "mbegu za bonsai" huuzwa mtandaoni zikiwa na picha ya mti mkongwe uliokaa ndani ya sahani. Ukizifungua unakuta mbegu za kawaida kabisa za msonobari au jakaranda. Udogo haumo ndani ya mbegu. Pale Washington pana msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa mwaka 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima, na mwaka 1976 mlezi wake, Masaru Yamaki, akautoa zawadi kwa Marekani. Ndugu zake wa aina hiyohiyo kwenye milima ya Japani hufika mita 20. Kilichoutofautisha nao ni mkasi.

Wanaoanza wengi hulisahau hilo tangu siku ya kwanza. Mche ukishatoa majani manne unahamishiwa kwenye kichungu kidogo cha kupendeza, na humo unabaki miaka mitano ukiwa ujiti wenye majani. Walezi wa bonsai hutumia kipimo cha makadirio: unene wa shina chini uwe kama moja ya sita ya kimo cha mti. Mti wa sentimita 30 basi unadai shina la sentimita 5, na shina la unene huo halipatikani kwenye mti ambao haujawahi kuruhusiwa kupita kimo cha mtu. Mti hulelewa mkubwa, kisha hukatwa. Hatua nyingine zote zinafuata hapo.

Tuchukue mkwaju, ambao walezi wa bonsai wa India na Indonesia wanauthamini sana. Mbegu zake zimo ndani ya ukwaju wa sokoni, vijani vyake ni vidogo kwa asili, na shina lake likikatwa hutoa machipukizi hata kwenye sehemu zake kongwe. Gamba la mbegu ni gumu, kwa hiyo lisugue upande mmoja kwa msasa mpaka weupe uonekane, ukikwepa ule upande ambao mche hutokea, kisha loweka usiku kucha. Iliyovimba iko tayari. Isiyovimba irudishe kwenye msasa. Katika joto la pwani huota ndani ya wiki moja au mbili. Panda nyingi, maana hatua inayofuata huua baadhi.

Hatua hiyo ni kukata mzizi mkuu. Mkwaju ni mti wa nchi kame, na mche wake huharakisha kuteremsha mzizi mmoja mrefu kutafuta maji kabla haujashughulika na majani. Porini huo ni uhai, lakini kwenye chungu chenye kina cha vidole vitatu mzizi huo ni kero: unajikunja, unajizungusha, na shina linatokea udongoni kama mlingoti wa bendera, bila mizizi ya kuonekana pembeni. Majani halisi ya kwanza yakishafunguka, wakati shina bado ni kijani, ng'oa mche taratibu, kata mzizi mkuu ubakize sentimita mbili au tatu, uurudishe udongoni, na uuweke kivulini penye unyevu kwa wiki chache. Penye jeraha itachipuka mizizi kadhaa ya pembeni. Wajapani wana ukatili zaidi kwa msonobari mweusi: hukata mche mchanga kwa wembe juu ya mizizi yote, huuchovya kwenye homoni ya kuotesha mizizi na kuuchomeka kwenye mchanga, ili mizizi mipya itoke kuuzunguka shina kwa usawa.

Kuna haja gani ya kujisumbua hivyo, wakati kitaluni unaweza kununua mti wenye shina nene tayari? Faida za mbegu ni mbili tu, na zote ziko chini ya mti. Ya kwanza ni hiyo mizizi iliyotawanyika. Ya pili ni mkunjo wa shina karibu na udongo. Mche ukiwa mwembamba kama penseli, uuzungushie waya laini wa alumini kwa mshazari wa nyuzi 45, uukunje utakavyo, na uutoe waya kabla haujazama kwenye gamba. Shina likishakomaa, nafasi hiyo haipo tena. Kwa hiyo mwaka wa kwanza usihangaike na matawi. Hakuna hata moja litakalobaki.

Kisha unauacha mti ufanye fujo. Upande ardhini, chini yake ukilaza kigae ili mizizi ilazimike kutanda, au kwenye ndoo pana iliyotobolewa. Jua la kutwa, samadi, maji ya kutosha. Yapo maneno kwamba bonsai hunyimwa chakula ili idumae. Ni uzushi, na mti wenye njaa haunenepi. Mbao za shina hujengwa kwa sukari inayotengenezwa na majani, kwa hiyo kila tawi refu unalolihurumia sasa linalilipa shina. Tawi la chini hasa huachwa likimbie bila kuguswa, likinenepesha kila kilicho chini yake, na baadaye hukatwa lote. Ni tawi la kafara.

Msumeno huja shina likishafikia unene unaoutaka, na wakati mzuri ni mvua zinapoanza. Ncha ya mti hutoa homoni ya oksini inayoteremka na kuyazuia macho ya chini yasifunguke. Ukiondoa ncha, kizuizi kinaondoka na macho yaliyolala yanaamka. Chagua chipukizi moja liwe ncha mpya, liache likue mpaka lifikie kama nusu ya unene wa shina, kisha ulikate nalo. Kila mkato unaongeza mchongoko, yaani shina kuwa nene chini na jembamba juu, na jicho la mtazamaji husoma mchongoko huo kama uzee. Hapo miaka inakwenda, na hakuna dawa ya kuipunguza.

Chungu kifupi kinaingia mwishoni, nacho kina fizikia yake. Loweka sponji, ilaze bapa kwenye kiganja mpaka iache kuchuruzika, kisha isimamishe: maji yatatiririka tena. Kitako cha chungu chochote hubaki na tabaka lililojaa maji, na unene wa tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe za udongo. Kina cha chungu hakiubadilishi. Kwenye ndoo tabaka la sentimita nne si kitu. Kwenye sahani ya kina cha sentimita tano, karibu mizizi yote inazama. Kokoto za kitako haziponyi. Zinalipandisha tabaka juu, karibu zaidi na shina. Dawa ni kuongeza ukubwa wa chembe za mchanganyiko mzima. Wajapani hutumia akadama, udongo wa volkano wenye chembechembe. Huku kwetu matofali ya kuchoma yaliyopondwa au mawe mepesi ya volkano ya Naivasha yanafaa, yakichekechwa zibaki chembe za milimita 2 hadi 6 na vumbi lote litupwe. Gharama yake ni kumwagilia kila siku, na kwenye kiangazi mara mbili.

Humo chunguni ndipo kazi ya matawi inapoanza: kila chipukizi likirefuka linarudishwa hadi majani mawili, tawi moja linazaa mawili, na majani yanapungua ukubwa. Tunda halipungui. Mkwaju wa sentimita 30 ukizaa, utazaa ukwaju wa kawaida, na tawi lake jembamba litainama. Ondoa maganda yakiwa machanga, ubakize moja.