Kidole Kinachotafuta Mshipa

Asubuhi za Kenyenya zina baridi, na baridi huibana mishipa ya damu. Mama aliyechuma majani chai tangu alfajiri akifika hospitalini kupimwa damu, mkono wake hauonyeshi chochote. Muuguzi aliyekomaa hakimbilii sindano. Anaupasha mkono joto, anafunga mpira juu ya kiwiko, anasema, "Mama, kunja ngumi," kisha anaacha kidole kifanye kazi. Anabonyeza, anaachia, anabonyeza tena. Vena hubonyea na kuinuka. Kano hukaa ngumu kama kamba iliyovutwa. Ateri hudunda.

Ramani ya vitabuni ni rahisi: vena sefaliki upande wa kidole gumba, vena basiliki upande wa kidole cha mwisho, na nyingine ikikatiza mshazari mbele ya kiwiko kuziunganisha. Mikono ya watu ina mambo yake. Kuna walio na muungano wenye umbo la M, kuna wasio nao kabisa, kuna ambao sefaliki yao ni nyembamba mno. Hata mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja huweza kutofautiana.

Tena wapo wachache ambao ateri yao hupita juujuu, chini ya ngozi tu, mahali ambapo mtu angetarajia vena. Dawa iliyokusudiwa vena ikiingia humo inaweza kuozesha vidole. Kwa hiyo ule utulivu wa kusikiliza mdundo kabla ya kuchoma, ambao mgonjwa huudhania uzembe, ndio ustadi wenyewe. Mwaka 1628 William Harvey alieleza jinsi kufunga mkono na kubonyeza vena kunavyoonyesha kwamba damu ndani yake huelekea moyoni tu. Kidole cha muuguzi bado kinaitumia elimu hiyo.

Ninamheshimu zaidi yule muuguzi ambaye, akikosa mara mbili, humwita mwenzake. Mtoto mnono mwenye homa hana mishipa ya kuchezea.

Nawe unayeambiwa figo zako zinadhoofika, omba utolewe damu nyuma ya kiganja. Sefaliki ya mkono ndiyo madaktari wa upasuaji huiunganisha na ateri kwa ajili ya kusafisha damu, na ikishaharibiwa na sindano au branula, kile kijimrija kinachoachwa ndani ya mshipa, huenda isifae tena kwa kazi hiyo.