Hongera, mafundi wa mtandao

Seva ikizimika usiku wa manane, fundi wa mtandao huamshwa. Ikikaa sawa, hakuna anayemkumbuka. Nawapongeza hasa wanaosaka hitilafu za mahandaki ya mtandao na za ngome, yaani vichujio vya pakiti (firewall). Handaki hufunga pakiti ndani ya pakiti nyingine: la GRE huongeza baiti 24, kwa hiyo kwenye njia ya baiti 1500 hubaki 1476. Njia ikielekezwa vibaya, handaki hujipitisha ndani yake lenyewe, na keneli, kiini cha mfumo endeshi, inaweza kuanguka.

Nimemwona fundi akiunganisha seva iliyokuwa ikianguka na mashine ya pili kwa waya wa siriali, ili anase mistari ya mwisho ya ujumbe wa keneli kabla skrini haijaganda. Kisha akazima kanuni za ngome moja moja, akijaribu upya kila mara. Alipoizima ile ya kupitisha pakiti, seva ikatulia. Kulikuwa kumekucha.

Waajiri, walipeni posho ya usiku.