Neno Lisikike: Uteuzi wa Matoleo Mapya ya Santuri za Kongo

Neno "Jazz" lililomo katika majina ya African Jazz, bendi iliyoanzishwa na Joseph Kabasele mwaka 1953, na OK Jazz, iliyozaliwa mwaka 1956, halikukusudia muziki wa New Orleans. Lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na ala za kupuliza, na kwa maana hiyohiyo likashika Tanzania katika Morogoro Jazz na Nuta Jazz. Muziki huo ulirekodiwa Léopoldville kwa Kilingala, lakini umekuwa mali ya wasemaji wa Kiswahili pia. Katika Butembo na Beni, miji ya biashara katika nchi ya Wanande, nyimbo hizo husikilizwa na watu wanaozungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni. Siku hizi huwafikia hasa kupitia simu, zikiwa zimenakiliwa mara nyingi, bila jina la mtunzi wala mwaka. Swali la kuchagua toleo lililo bora, kwa hiyo, si anasa ya wenye fedha. Nakala moja njema ikiingia mjini, ndiyo itakayozaa nyingine zote.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni usafi: toleo lisilo na mchakacho ndilo jema. Kipimo hiki kinapotosha. Sauti za f, s na sh hubebwa na masafa ya juu, na huko huko ndiko uliko mchakacho wa santuri kongwe. Mtambo wa kusafisha hauna njia ya hakika ya kutenganisha pumzi ya mwimbaji na vumbi la mfereji. Ukizidishwa nguvu, huondoa vyote viwili, na msikilizaji hubaki akikisia kama kilichoimbwa ni "fuka" au "suka", "pasa" au "pasha". Gitaa husalimika kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa nguvu zake nyingi ziko chini. Ndiyo maana mhakiki wa Ulaya asiyeelewa maneno huweza kulisifu toleo ambalo mwenye lugha hulikuta bubu.

Wanafunzi wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili kwa sura nyingine. Mnakili wa utenzi akikuta neno lililoliwa na mchwa, ana hiari ya kuacha pengo au kulijaza kwa akili yake. Pengo humsumbua msomaji. Ujazo humdanganya bila kumsumbua. Mhandisi wa sauti yu katika nafasi ya mnakili huyo, na kazi yake yastahili kuhukumiwa kwa kanuni zilezile: ametumia chanzo gani, amebadili nini, na je, amekiri?

Chanzo ndicho cha kwanza. Kanda ya awali, pale ilipohifadhiwa, haina mpinzani. Inapokosekana, hubaki santuri zilizochezwa, na hapo ufundi wa vitu vidogo huamua. Mfereji wa santuri ya mizunguko 78 ni mpana, na hudai sindano yenye ncha kubwa takriban mara tatu kuliko ile ya santuri za baadaye. Sindano ndogo huzama chini na kuchota uchafu. Kasi nayo ikikosewa kidogo, mwimbaji hupata sauti ya kijana na gitaa huhama ufunguo. Kisha kuna stereo ya kubuni, iliyopakwa juu ya rekodi za mono. Ikichezwa kwenye spika moja ya simu, njia zake mbili huweza kufutana, na sauti ya mwimbaji ikafifia.

Mkusanyiko wa nyimbo za kampuni ya Ngoma uliotolewa Ujerumani mwaka 1996 unastahili heshima kwa sababu hauoni haya na umri wake: mchakacho umo, na maneno yamo. "Francophonic" ya Sterns, iliyotolewa mwaka 2008 na kuanzia rekodi za Franco za mwaka 1953 hadi 1980, ni mwalimu mzuri wa masikio. Katika toleo hilo hilo msikilizaji hupita kutoka ukavu wa santuri za 78 hadi upana wa kanda za miaka ya 1970. Kampuni hiyo ilimfanyia Kabasele kazi kama hiyo mwaka 2013. Diski za Sonodisc za Ufaransa zilisambaa sana miaka ya 1990, na bila hizo mengi yasingesikika tena, lakini maelezo yake ni haba, na asiyeambiwa chanzo hana la kupimia.

Hata hivyo, kwa Butembo na Beni toleo lenye uzito kuliko yote halina jina la Jazz. Mwaka 1952 Hugh Tracey alizuru Kongo akiwa na mitambo yake. Akiwa Jadotville, Likasi ya leo, alirekodi "Masanga" ya Mwenda Jean-Bosco. Huko kaskazini-mashariki alirekodi waimbaji kadhaa, Wanande wakiwemo. Rekodi hizo huhifadhiwa na ILAM, taasisi aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Kampuni ya SWP ya Uholanzi ilizitoa upya baadhi yake katika "On the Edge of the Ituri Forest". Mshindo wa chumba haukuongezwa, na sauti za watu zinasikika zikiwa na hewa ya mahali walipokuwa.

Kasoro moja ni kubwa. Kinande ni lugha ya toni, na hakuna anayeweza kuyanukuu maneno hayo kwa uhakika kuliko wazee wanaokisema. Lakini tangu Oktoba 2014 vijiji vingi vya wilaya ya Beni vimeshambuliwa na wakazi wake kutawanyika, na wazee ni miongoni mwao. Rekodi ipo Makhanda, ikiwa safi kwa kadiri inavyowezekana. Maneno yake hayajaandikwa kando yake kwa lugha yao wenyewe.